Aliyeng'oa Jino Anadaiwa Jino

Kwetu Usukumani kuku akichinjwa, firigisi haiokotwi tu na aliyewahi sufuria. Ina mwenyewe. Ni ya mzee wa mji, na mama anayepakua analijua hilo: ataitafuta ndani ya mchuzi kwa mwiko mpaka aipate, aiweke juu kabisa, upande wa mzee, ionekane.

Desemba iliyopita nilinawa mikono nikala sahani moja na baba mkubwa, nyumbani kwake Itilima, mkoani Simiyu. Firigisi ikaja upande wake. Akasema "wabeja", akaitia mdomoni. Nikaiona ikienda shavu la kulia. Ikakaa. Ikahamia la kushoto. Ikakaa. Ikarudi mbele, ikatembezwa juu ya fizi kama mtu anayepapasa mlango gizani. Mazungumzo yalikuwa yanaendelea, mvua, pamba, bei ya mbegu, naye akawa anaitikia "ee, ee" bila kufungua midomo. Kisha akajifuta kinywa kwa kiganja, kiganja kikashuka polepole kando ya kigoda, na kule chini alikuwapo mjukuu wa miaka mitano, amekaa mahali pake kana kwamba amepangiwa zamu. Mtoto akaipokea bila hata kutazama, akaitafuna kwa kelele zote za meno ya utotoni.

Wana mkataba wao, wale wawili. Sisi wengine tulijifanya hatukuona. Hiyo nayo huitwa heshima, na mimi heshima ya namna hiyo imenichosha.

Baba mkubwa ana miaka 70 na kidogo. Hakuzaliwa kibogoyo, na wala uzee haukumnyang'anya meno. Nalisema hili mapema kwa kuwa ndilo jibu la kwanza unalopewa ukilalamika: "Si mzee yule? Sasa ulitaka awe na meno ya nini?" Uzee unaleta mvi, unaleta magoti yanayolia ukisimama. Haung'oi jino. Jino linaondoka kwa sababu mbili kubwa. Ama limetoboka, ama kile kinacholishika kimeliwa. Ukoga ukiachwa unaganda kuwa ugaga, ugaga unashuka chini ya fizi, fizi inavimba na kutoa damu, mfupa unarudi nyuma, na jino lililo zima kabisa linaanza kuyumba kama nguzo ya uzio iliyoliwa na mchwa. Yote mawili yanazuilika. Wajapani mwaka 1989 walianzisha kampeni wakaipa namba badala ya jina: 8020. Maana yake ni kwamba mtu akifika miaka 80 awe bado na meno yake mwenyewe 20, kwa kuwa mwenye meno 20 anaweza kutafuna karibu kila kitu. Nchi nzima ikahesabu meno ya wazee wake. Sisi Agosti 2022 tulihesabu watu Simiyu tukapata 2,140,497. Karani aliuliza choo, akauliza redio, akauliza kuku na mbuzi. Hakuna aliyemwambia baba mkubwa afungue kinywa.

Meno yake yaliondoka moja moja, na kila moja lina msimu wake. La kwanza lilikwenda wakati wa kuvuna pamba. Uso ulivimba upande mmoja, usiku tatu hakulala, siku ya nne akapanda baiskeli mpaka kwenye kituo cha tiba ambacho sikitaji, maana si kituo kimoja, ni mtindo. Akachomwa sindano ya ganzi, koleo likaingia, jino likatoka. Akapewa pamba ang'ate. Mkulima wa pamba akarudi nyumbani ameng'ata pamba, ana vidonge vitano mfukoni, na huduma ikawa imekwisha. La pili lilifuata baada ya miaka miwili, kisha la tatu, kisha mawili kwa mpigo. Hakuambiwa hata siku moja kuwa jino hili lingeweza kuzibwa. Hakuulizwa hata siku moja: mzee, baada ya hapa utakula na nini?

Tuna msemo, dawa ya jino bovu ni kung'oa. Tumeutumia kwa viongozi wabovu, kwa ndoa mbovu, kwa watumishi hewa, na unanoga. Lakini ulikuwa msemo wa watu wasio na hospitali. Nani aliuchukua akaufanya mwongozo wa tiba?

Na simlaumu yule tabibu wa meno aliyeshika koleo. Ana foleni mpaka nje, ana ganzi ya kuhesabu, na vifaa vya kuzibia kama vilikuja basi vilikwisha. Amepewa nyundo, anapiga misumari. Ninaowataka ni waliompa nyundo peke yake.

Sasa hapa ndipo hasira yangu inapopanda mti. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kusomesha madaktari wa meno pale Muhimbili. Miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya themanini, daktari mmoja Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi hapo, Jo Frencken, alikabiliwa na swali la kijijini: unazibaje jino mahali pasipo na umeme? Mashine ya kutoboa jino inataka umeme, inataka maji, inataka fundi wa kuitengeneza ikigoma. Akaiacha. Akatumia vifaa vya mkono, vichuma vidogo vyenye ncha za kijembe na kijiko, akakwangua ile sehemu laini iliyooza, akajaza tundu kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe na kuachia floraidi polepole. Mgonjwa analala hata juu ya meza ya darasani. Mara nyingi hata sindano haihitajiki. Kutoka Tanzania njia hiyo ikaenda kujaribiwa Thailand na Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwaka 1994, ambapo Siku ya Afya Duniani ilikuwa ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe. Mwaka 2021 shirika hilohilo likaiingiza saruji ile katika orodha yake ya dawa muhimu, ile ambayo kila nchi inatakiwa kuitazama inapoagiza dawa.

Soma tena. Dunia ilijifunza kuziba meno ya maskini hapa, kwetu, kwa ajili ya watu kama baba mkubwa. Na kwa miaka hiyo yote baba mkubwa, kila alipokwenda, alikutana na koleo. Sisi ndio tuliopika, wageni wakala wakashiba, watoto wetu wakalala njaa.

Mtu ataniambia watu wetu hawapigi mswaki, wamezidisha soda. Soda ni kweli, kuna maduka huko ndani ambako dawa ya meno hukuti ila kreti la soda halikosekani, na hilo lina makala yake siku nyingine. Lakini nenda Meatu ukawaambie kuhusu mswaki. Zipo sehemu za ukanda huu, kama ilivyo Arusha na Singida, ambako maji ya kisima yana floraidi kuliko mwili unavyotaka. Kidogo inaimarisha jino, nyingi inaliharibu likiwa bado linaumbwa ndani ya taya la mtoto: linatokeza la kahawia, na likizidiwa linakuwa na vishimo, linameguka. Mtu anasugua mpaka fizi zinatoka damu, rangi haitoki, kwa sababu haikupakwa juu, ilipikwa ndani. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi mwaka 1974 tuliweka kiwango cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8. Cha muda! Kikadumu miongo na miongo, kikaota mvi kabla ya watu wake. Leo maji ya Ziwa Victoria yanaletwa Simiyu kwa mradi mkubwa uliopata fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na za Wajerumani, na anayewaza watoto watakaozaliwa amewaza vema. Ila waliokuwa watoto mwaka 1974 ndio hao wanaokaribia dirisha la wazee hospitalini sasa, na meno yaliyoumbwa kwa kiwango cha serikali.

Turudi kwa baba mkubwa. Mara ya mwisho alipokwenda kung'oa alikuwa tayari na kitambulisho cha mzee, akang'olewa bure, akashukuru. Akauliza, kwa unyenyekevu wa mzee wa Kisukuma aliyefundishwa kutokusumbua watu wa ofisi, kama kuna uwezekano wa kuwekewa mengine. Akajibiwa, tena kwa tabasamu: "Hayo ni mambo ya urembo, mzee wangu."

Urembo. Ningependa neno hilo liandikwe juu ya ubao na aliyelitunga asimame pembeni alieleze. Aliyekatwa mguu akiomba gongo, anataka urembo? Mwenye macho hafifu akiomba miwani, anakwenda kwenye maonyesho ya mavazi? Baba mkubwa hali karanga, na kwao karanga inalimwa. Hali mahindi ya kuchoma. Matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa vikaanikwa mpaka vikawa kama gome, anayashika, anayanusa, anayagawa. Nyama anaifyonza anairudisha. Amebaki na uji, na ugali kwa mlenda. Mwaka juzi akapimwa akakutwa na sukari, akasomewa orodha: punguza ugali na uji, kula mboga mbichi, matunda, njugu, nyama isiyo na mafuta. Nilikuwapo. Nikamtazama yule kijana aliyekuwa akisoma. Hakuwa na ubaya wowote. Hakumtazama mzee mdomoni, basi.

Hata mluzi hapigi. Huyu ni mtu aliyekuwa akisimama juu ya kichuguu, anatia vidole viwili mdomoni, na ng'ombe walioko ng'ambo ya mto wanageuza vichwa. Siku hizi anamtuma mjukuu, yuleyule wa firigisi, akawapigie. Na akitaja mkoa wake anasema "Shimiyu", vijana wanacheka, naye anacheka nao, mkono umefunika kinywa.

Hapo kwenye ng'ombe nisimame kidogo. Nenda mnadani, mnada wowote wa mkoa huu, ukamtazame mnunuzi anayejua kazi. Hamtazami ng'ombe manyoya kwanza. Anamshika pua na taya, anamfunua midomo, anahesabu: meno mawili, meno manne, sita, huyu amemaliza. Bei inatoka mdomoni. Nimemwona mtu akimkataa dume zuri, linang'aa, kwa sababu ya meno yaliyokwisha, na hoja yake ilikuwa fupi: "Huyu hatakula. Kiangazi kitamuua." Basi tunajua. Watu wa Simiyu tunajua kuliko wengi kwamba uhai wa mnyama uko kwenye meno yake. Ng'ombe kibogoyo tunamhurumia, kiangazi kisije kikamkuta. Mzee kibogoyo tunamwambia anywe uji.

Mwishowe dada yetu aliyeko Dar es Salaam akamtumia nauli. Alikaa huko wiki tatu. Bei sitaitaja, nitasema tu kuwa ng'ombe wawili walitoka zizini na hakuna aliyekuwa ameoa. Mimi nilimsindikiza siku ya kwanza. Fundi alikoroga unga na maji kwenye bakuli la mpira mpaka ukawa kama ugali laini wenye harufu ya peremende, akaupakia kwenye chombo chenye umbo la kwato, akamtia mzee mdomoni, akamwambia apumue kwa pua. Baba mkubwa macho yakamtoka, ameshika mikono ya kiti kama anayevuka mto kwenye mtumbwi. Ilipotoka, taya lake lote lilikuwa limechapwa mle, kila kunyanzi. Fundi akamimina plasta, ikakauka, ikawa taya la jiwe. Juu ya jiwe akajenga kwa nta, kwenye nta akapanga meno moja moja, akamwita mzee aje ajaribu kabla halijawa jambo la kudumu. Akampa kioo. Baba mkubwa akajitazama, akacheka, na mkono ukapanda wenyewe kufunika kinywa, kwa mazoea. Kisha ukashuka.

Nta ikaondolewa, mahali pake ikawekwa plastiki ya waridi, ile inayopatikana kwa kuchanganya unga na kimiminika na kuipika kwenye maji ya moto, ikang'arishwa. Plastiki hiyo haitoki mwezini. Imekuwapo tangu miaka ya thelathini.

Akarudi Itilima na meno 28. Wiki ya pili kidonda kikatokea chini, upande wa kushoto, mahali plastiki ilipokuwa ikisugua fizi. Ni jambo la kawaida kabisa: meno bandia ni kama kiatu kipya, hakuna anayevaa siku ya kwanza yakamkaa. Mgonjwa anarudi, fundi anatazama palipo pekundu, anakwangua kidogo, dakika kumi, anakwenda zake. Anarudi tena mara moja au mbili. Ila dakika kumi za baba mkubwa ziko Dar es Salaam, na kati yake na Dar es Salaam kuna basi la kutwa na usiku. Akavumilia. Akaacha kuyavaa kwa kula. Baadaye akayatia kwenye kopo la Blue Band, akaliweka juu ya kabati kando ya redio. Sasa yanashuka siku ya harusi, siku ya msiba mkubwa na siku ya kupiga kura. Na kwa kuwa taya lisilo na jino linaendelea kupungua mfupa mwaka hadi mwaka, hata siku hizo yanacheza mdomoni, akiongea yanagonga.

Jino la pembe si dawa ya pengo, walisema wahenga, na ningekuwa mtu wa kukata tamaa ningeishia hapo. Ila msemo huo nao nina ugomvi nao. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walibeba pembe mabegani mpaka pwani karne nzima ya 19, na pembe za Afrika, za tembo na za kiboko, zilichongwa zikawa meno ya Wazungu waliokuwa na uwezo. George Washington, yule ambaye watu hupenda kusema alivaa meno ya mti, hakuvaa mti: alivaa pembe, chuma na meno yaliyong'olewa kwa watu wengine, watumwa wakiwamo. Kwa hiyo kwa wengine pembe ilikuwa dawa ya pengo. Sisi tulioibeba ndio tulioachiwa methali.

Na kuna kichekesho kingine, cha kuliza. Sehemu nyingi za nchi hii mtoto mchanga akipata homa na kuhara, atatokea mtu aseme ana "meno ya plastiki", wengine huita ya nailoni. Anapelekwa kwa mganga, fizi inachimbuliwa kwa spoku ya baiskeli, vinatolewa vijino vyeupe laini vionyeshwe kwa mama: umeona? Si plastiki. Ni meno halali ya mtoto yaliyokuwa njiani. Yaani mjukuu ananyang'anywa meno ya kweli kwa kusingiziwa ni ya plastiki, na babu anayetaka ya plastiki kwelikweli hana wa kumpa. Ukitaka kujua nchi imesahau kinywa kiasi gani, anzia hapo.

Lakini tuna sikukuu, hilo siwezi kukataa. Machi 20 ni Siku ya Kinywa na Meno Duniani: watoto wa shule wanapangwa mstari, wanapewa miswaki, wanapigwa picha wakiwa na mapovu. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee Duniani: wazee wanapangwa viti, wanapewa khanga, mchele na kilo mbili za sukari. Sukari! Kinywa cha mzee kimeanguka katikati ya tarehe hizo mbili. Machi ni cha watoto, Oktoba hakitajwi, miezi mingine ni mali ya koleo.

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu mwaka 2003, inasema mzee ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Dirisha la wazee lipo, kibao kipo. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. "Wote" ni neno zito, na mimi nalishika kwa uzito wake: vibogoyo wamo. Sasa waheshimiwa, mnapokaa kupanga vitita, nani atainua mkono aseme meno bandia ya wazee yaandikwe? Maana huduma inayong'oa bure na kurudisha kwa ng'ombe wawili si huduma ya bure. Ni ya kukopesha, tena mkopaji ni mgonjwa.

Msinijibu kuwa nchi maskini haiwezi. Uingereza ilianza matibabu ya bure Julai 1948, imetoka vitani, mkate na nyama vikiwa bado kwa kadi. Watu waliofurika walifuata nini? Miwani na meno. Watu waliokuwa wakila kwa fizi walijipanga kwa mamia ya maelfu. Hazina ikashtuka, na mwaka 1951 serikali ikaamua wagonjwa wachangie gharama za meno bandia na miwani. Waziri aliyeuanzisha mfumo huo, Aneurin Bevan, mtoto wa mchimba makaa ya mawe, akajiuzulu Aprili mwaka huo, na Harold Wilson akatoka naye. Kwa ajili ya meno ya kuvaa na kuvua! Wakati huohuo Mwingereza huyohuyo ndiye aliyekuwa akitawala Tanganyika, na baba zetu Usukumani walikuwa wakimlimia pamba. Kwao waziri alipoteza cheo kwa jino la mchimba makaa. Jino la mlima pamba halikuwa na waziri. Uhuru tuliupata mwaka 1961. Bado namtafuta waziri wa jino hilo.

Ninaijua hoja inayokuja. Kuna malaria, kuna mama wajawazito, kuna dawa za msingi, wewe unatuletea meno ya babu zako. Ni hoja ya mtu anayetafuna wakati anaitoa. Wala sitaki fedha ya chandarua. Nataka tuache kulipia uharibifu: ganzi inayotumika kung'oa jino ambalo lingezibwa kwa saruji ya mkono ni fedha, siku ya shamba inayopotea ni fedha, mzee wa sukari asiyeweza kula alichoandikiwa ni fedha, na itatoka hospitali hiyohiyo. Pia sitabishana na atakayeniambia kiti cha kisasa cha meno kimeshafungwa mahali fulani. Vizuri. Swali langu liko Itilima: mzee anafikaje hapo, na akifika anatoka na nini?

Nikiambiwa nitaje ninachotaka, si kikubwa. Sitaki dhahabu wala jino la kupandikizwa kwenye mfupa. Nataka karakana ya meno bandia ndani ya mkoa huu, ya wazee, yenye fundi wa kudumu, si mgeni wa kambi ya siku tano anayeondoka kabla kidonda cha kwanza hakijatokea. Fundi huyo atahitaji plasta, na plasta ni jasi. Chaki ya ubaoni nayo hutengenezwa kwa jasi. Maswa vijana wetu walifungua kiwanda cha chaki, wakakoroga, wakamimina kwenye kalibu, chaki zikaenda mashuleni, na viongozi wakaja kwa misafara kupiga nazo picha. Mkoa unaojua kumimina kalibu ya chaki unashindwa nini kumimina kalibu ya taya?

Na karakana isikae Bariadi, makao makuu ya mkoa, ikisubiri. Itoke, ifuate minada. Mzee atakuja mnadani kwa vyovyote, kwa baiskeli, kwa mkokoteni, kwa pikipiki ya mjukuu, kwa sababu kuna chumvi ya kununua na habari za kusikia. Tabibu akae pale na vile vichuma vya mkono, azibe yanayozibika, kama tulivyoifundisha dunia. Fundi akae naye achukue vipimo mnada huu, ajaribishe nta mnada ujao, alete meno mnada wa tatu, akwangue kidonda mnada wa nne. Mnunuzi wa ng'ombe anafunua midomo bure pale kila wiki. Serikali nayo ifunue.

Mpaka hapo itakapokuja, nina mpango wangu mdogo. Oktoba 1 ijayo mgeni rasmi atakapofika na mchele na sukari, nitawaomba akina mama wanaopika wachinje kuku wa kutosha. Wazee wote walioketi mstari wa mbele wapewe firigisi, moja moja, juu ya sahani, kama desturi yetu inavyotaka. Mgeni rasmi naye apewe yake, ila aombwe aitafune kwa fizi tu, asitumie jino hata moja, mpaka aimeze. Hotuba isianze kabla hajamaliza. Mimi nitakaa nyuma ya viti na baba mkubwa, na mjukuu wetu tutamkalisha chini, mahali pake.